Kijana wangu kapata leseni na mimi sijui kuendesha. Nimwekee masharti gani?

MamaMawese (Kigoma):

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo ya wenye magari na wenye watoto, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Nafanya biashara ya mawese na dagaa, naishi Katubuka. Dagaa nanunua Kibirizi, mawese nafuata vijijini, mzigo unakwenda Kasulu siku za soko na mara mojamoja Manyovu. Nina Noah ambayo viti vya nyuma nimevitoa. Gari ni langu kwa kadi na kwa jasho, ila kuendesha sijui, na kwa umri huu sina hamu ya kujifunza. Nilikuwa na dereva, mtu mzima, mpole, hata honi alikuwa anapiga kwa adabu. Kahamia Dar kwa wanawe.

Sasa mwanangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne mwaka jana, katimiza miaka 18 mwezi wa tatu, na mwezi huohuo akawa ameshajiandikisha chuo cha udereva. Kasoma, kapimwa na trafiki, leseni anayo. Tangu hapo hataki kusikia habari za dereva wa kuajiri. "Mama, unamlipa mtu wa nini na mimi nipo?" Na kusema kweli hela ya dereva inauma.

Baba yake mdogo yuko upande wake. Anasema serikali imeshampima, sasa wewe unayeogopa hata kukaa mbele unampima kwa kipimo gani? Shangazi yake yuko upande wangu, lakini shangazi yake anaogopa hata lifti, kwa hiyo sijui nimhesabu vipi.

Nilikaa naye mbele siku moja kutoka Mwanga kushuka stesheni. Ule mteremko mnaujua. Alishuka vizuri, gia ndogo, breki kidogokidogo, nikaanza kufurahi. Tulipofika chini rafiki yake akampungia mkono akiwa juu ya bodaboda. Mtoto akageuza kichwa chote kumwitikia, shingo mpaka bega, huku gari linakwenda. Hakuna kilichotokea. Lakini toka siku ile funguo nalala nazo chini ya mto.

Kaka yangu yuko Kanada, jimbo la Ontario. Nilipomsimulia akaniambia kule hakuna kitu cha kupewa leseni leo na kesho ukawa dereva kama madereva wengine. Binti yake alianza na miaka 16. Ukishinda mtihani wa maandishi unapewa leseni ya kwanza, wanaiita G1. Hapo huruhusiwi kuendesha bila kuwa na mtu pembeni mwenye leseni kamili na uzoefu wa miaka minne au zaidi. Usiku wa manane mpaka saa kumi na moja alfajiri huruhusiwi kabisa. Barabara kubwa za mwendo kasi hamna, pombe hata tone hamna. Unakaa hivyo miezi 12, au 8 ukisoma kozi inayotambulika. Kisha unapimwa barabarani unapewa G2, unaendesha mwenyewe, lakini kama hujavuka miaka 19, kwenye miezi sita ya mwanzo unaruhusiwa kubeba kijana mwenzio mmoja tu nyakati za usiku wa manane. Halafu unapimwa tena ndipo unapata leseni kamili.

Nikamwambia kaka, huo ni uchuro au ni udereva? Akacheka, akasema dada, huku hata mtu wa miaka 50 akianza leo anapita njia hiyohiyo.

Ninachouliza: kwetu sheria ya namna hii ipo? Kama haipo, naweza kuweka masharti yangu hapa nyumbani yakashika, au nitakuwa nampigia kelele mtoto tu? Na hili la mtu wa kukaa pembeni, mimi ambaye sijui hata klachi iko mguu gani, nikikaa pale namsaidia nini?

TochiMbele:

Mama mpe gari. Atajifunza barabarani, sisi wote ndivyo tulivyojifunza.

FusoLaZamani (Kasulu):

@TochiMbele ndugu yangu, waliojifunza hivyo wakafa hawapo humu kukujibu.

Mwakeye mama. Mimi nimeendesha malori tangu barabara ya Kasulu kwenda Nyakanazi ikiwa vumbi na matope, sasa nimekaa nyumbani kwa sababu ya mgongo. Nianze na sheria halafu nije kwenye gari lako.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na imekuwa ikirekebishwa. Gari ni miaka 18. Mwanafunzi anapewa leseni ya kujifunzia, anabandika herufi L, anakaa na mwalimu. Akishapita kwa trafiki, L inabanduliwa na hapo yuko huru: usiku, mchana, peke yake au na wenzake wanane, Ujiji au Dar. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, ile hatua ya katikati anayoisema kaka yako sisi hatuna.

Ila ngazi tunazo, tumeziweka kwingine. Ukitaka kuendesha basi la abiria zaidi ya 30 huwezi kutoka chuoni ukaliendea. Lazima uwe umekaa na daraja la chini miaka isiyopungua mitatu. Kwa abiria wa kulipa, serikali imeona kwamba mtu anahitaji kuiva. Kwa kijana na gari la mama yake, ikaona aive mwenyewe.

Sasa tazama leseni ya huyo kijana. Kama imeandikwa B peke yake, hiyo ni ya gari binafsi lisilo la biashara. Noah yako inabeba mawese ya kuuza. Anatakiwa awe na daraja D, linaloruhusu gari la biashara. Hili usilipuuze, likitokea la kutokea, kampuni ya bima itapata mlango wa kukwepa kulipa. Na jambo lingine ambalo atalifanya bila kukwambia, kwa sababu wote hulifanya: anarudi kutoka Kasulu gari tupu, pale Kidahwe watu wamesimama, anapakia watatu wanne apate hela ya soda. Hapo ameshakuwa gari la abiria na hana daraja la kubeba abiria.

Mimi mama sikwenda chuo mwanzoni. Nilianza utingo. Kwanza naosha lori na kubadilisha tairi. Halafu bosi akaniruhusu kuliwasha asubuhi lipate moto. Halafu kuligeuza uwanjani. Baada ya muda mrefu sana, dereva wangu akanipa usukani mchana, gari tupu, barabara imenyooka, yeye kakaa pembeni anakula karanga lakini jicho liko kwenye kioo. Mzigo nilikuja kuupata baadaye, usiku nikaupata mwisho kabisa, na mvua na usiku pamoja sikupewa mpaka nilipokuwa na leseni yangu siku nyingi. Hakuna aliyekuwa ameandika utaratibu huo mahali popote. Nilipokuja kusoma habari za hizo leseni za hatua, kwamba New Zealand waliziweka kisheria mwaka 1987, na kwamba mtu wa hatua ya pili haendeshi peke yake kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri wala habebi watu ovyo, nilisema hawa wameandika utingo. Sisi utingo tumeuacha kwenye malori, na kwenye magari madogo haukuwahi kuwepo. Kijana anasoma wiki kadhaa, anakabidhiwa funguo.

Kwa hiyo usimfukuze kwenye gari, mpandishe. Mimi ningefanya hivi. Aanze mjini tu, mchana, gari tupu: Mwanga, Gungu, Ujiji, Bangwe, arudi. Atakutana na bodaboda, baiskeli za mkaa, mbuzi, wanafunzi wanaotoka shule. Akishatulia, aende mpaka Mwandiga, kisha Kidahwe. Kasulu ya kwanza iwe bila mzigo. Usimwangalie amefika saa ngapi, mwangalie amefikaje. Kama aliondoka saa mbili na saa tatu kasoro anakupigia yupo Kasulu, chukua funguo.

Mzigo ni somo peke yake, na vyuo hawalifundishi. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Ukipakia madumu 30 umeweka kilo 540 nyuma, ni kama watu wazima wanane. Breki aliyozoea gari likiwa tupu haipo tena. Na dumu ambalo halijajaa mafuta yake yanacheza kwenye kona. Afundishwe na mtu aliyebeba, na apewe madumu machache kwanza.

Kuhusu wewe kukaa pembeni: kaa. Hujui klachi, lakini simu unaijua na shingo unaijua. Lile la rafiki kumpungia mkono umeliona wewe, trafiki aliyempima hakuliona.

DogoWaGungu:

Shikamoo mama, shikamoo mzee Fuso. Mimi nina miaka 20, gari la nyumbani nilianza kulishika nikiwa kama huyo mwanao, kwa hiyo naongea kutoka upande wake.

Mama, tatizo letu si kwamba hatujui hatari. Tatizo ni washkaji. Ukishajulikana una gari, saa tatu usiku simu inaita: "Oya tupeleke Ujiji mara moja." Kukataa ni kazi. Wanakuona una roho mbaya au unaogopa. Na wakishapanda wanne, muziki juu, kila mmoja ana la kusema, hata ukiwa mtu mstaarabu mguu unakuwa mzito wenyewe.

Nyumbani kwetu baba alisema jambo moja: akikuta mtu asiye wa ukoo kwenye gari, gari linalala mwaka mzima. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikaona amenipa silaha. Nikawa nawaambia "mzee wangu ni mkorofi, mnamjua", basi, wananipa pole badala ya kunicheka. Mpe mwanao kisingizio mama, na ukubali kuitwa mkorofi hapo mtaani. Mwambie hata aseme bima haitalipa.

Simu aizime iingie kwenye droo ya dashibodi. Kuiweka kimya hakusaidii, ikiwaka mwanga lazima uangalie.

NesiWaIsevya (Tabora):

Nipo wodi ya majeruhi hapa Tabora, hospitali siitaji. Sitawasimulia ya wodini. Niseme tu kwamba gari au pikipiki iliyokuwa na vijana watupu inatuletea kundi kwa wakati mmoja, na mara nyingi ni usiku wa kuamkia Jumapili.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2023 linasema ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua kuliko kitu kingine chochote. Si malaria, si UKIMWI.

Ila nataka kumpinga kidogo kaka wa Kanada, au tuseme nimuunge mkono kwa namna nyingine. Marekani sheria hizi zipo majimbo yote, Florida ndiyo ilianza mwaka 1996. Kwa California, kwa mfano, wa miaka 16 anatakiwa kufanya mazoezi ya saa 50 na mtu mzima, kumi kati ya hizo usiku, na mwaka wa kwanza wa leseni yake habebi mtu wa chini ya miaka 20 asipokuwa na mtu mzima wa miaka 25 na kuendelea. Vifo vya madereva wa miaka 16 vilipungua kweli. Lakini mwaka 2011 ulitoka utafiti uliolinganisha majimbo: penye sheria kali, ajali za vifo kwa madereva wa miaka 16 zilikuwa chini kwa asilimia 26, ila kwa wa miaka 18 zilikuwa juu kwa asilimia 12. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba vijana wengine waliona masharti ni usumbufu, wakasubiri miaka 18 ambapo majimbo mengi hayakuwa yanawadai, wakaingia barabarani wabichi. New Jersey wao masharti yanawafuata wanaoanza mpaka chini ya miaka 21.

Mama, mwanao ana miaka 18. Sisi Tanzania nzima tunaanzia hapo hapo walipokwama wao. Kwa hiyo baba yake mdogo akikwambia "ameshakuwa mtu mzima", mjibu kwamba hukuuliza umri, umeuliza ameendesha kiasi gani. Mwanafunzi aliye na mwalimu pembeni hapati ajali nyingi. Hatari inapanda anapoachwa peke yake, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya kuliko yote. Huko New South Wales, Australia, kijana anaandika daftari: saa 120 za mazoezi, 20 kati ya hizo usiku, kabla ya kupimwa. Halafu anabandika herufi P nyekundu ya dereva mpya na hapiti kilomita 90 kwa saa, baadaye P ya kijani. Daftari hilo hata wewe unaweza kumnunulia dukani.

Na akiona gari kalikosa akakimbilia bodaboda, umeruka majivu umekanyaga moto. Kofia ngumu, mama, na ifungwe kidevuni.

TochiMbele:

Nesi umeongea. Lakini Australia wana lami mpaka jikoni. Huku kwetu hayo ya daftari mtu atajaza uongo.

NesiWaIsevya (Tabora):

Kwao pia wapo wanaojaza uongo. Mama akiwa amekaa kiti cha pembeni hilo daftari litadanganywaje?

MamaMawese (Kigoma):

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimesoma yote mara mbili na jana nimemwita kijana, nimempa simu asome mwenyewe. Alisoma kimya. Alipofika kwa Dogo wa Gungu akacheka, nikajua huyo ndiye aliyemgusa kuliko sisi wazee.

Leseni nimeitazama. Ni B peke yake. Baba yake mdogo aliyekuwa anasema serikali imempima nimemwonyesha, kanyamaza, kasema atafuatilia. Kwa hiyo mzigo umeahirishwa mpaka hilo likamilike. Nimepata dereva wa kunisogeza kwa sasa, analipwa kwa safari.

Masharti tumekubaliana, lakini ameleta hoja moja sina jibu lake. La kutoendesha gizani amelikubali jioni. Asubuhi amelikataa, na mimi namwona ana haki. Siku ya soko Kasulu sisi tunatoka saa kumi alfajiri ili tupate nafasi nzuri ya kushusha. Tukitoka kukiwa kumeshapambazuka tunakuta wenzetu wameshauza. Sasa sharti la giza nalifanyaje bila kuua biashara?

Habari ya abiria wa Kidahwe nimemuuliza kijana. Kaniuliza "nani kakwambia?" Nikasema Mzee Fuso. Kasema huyo mzee ni mchawi.

FusoLaZamani (Kasulu):

Mwambie uchawi wangu ni kwamba nilikuwa nawapakia mimi.

Hilo la alfajiri lina njia mbili. Ya kwanza, mzigo utangulie. Upakie mchana wa kuamkia soko, gari lifike Kasulu kabla ya jua kuzama, lilale kwa mtu mnayemwamini, wewe na kijana mlale huko. Nyumba za wageni za Kasulu si ghali, na dagaa wakavu hawaharibiki kwa usiku mmoja. Ya pili, saa za giza aendeshe huyo dereva wako wa kulipwa kwa safari, kijana akae pembeni. Kukishapambazuka vizuri wabadilishane, kijana amalizie. Hapo unapata mtu wa kumfundisha na unafika sokoni saa ileile. Ningekuwa wewe ningeanza na hii ya pili kwa miezi kadhaa. Giza ataliona akiwa abiria kwanza: baiskeli isiyo na taa, lori limeharibika limewekewa matawi badala ya pembetatu, ng'ombe waliolala kwenye lami kwa sababu ina joto. Dereva amwonyeshe.

Huyo dereva mpya umri wake?

MamaMawese (Kigoma):

Ana wajukuu. Aliwahi kuendesha gari la misheni, anasema kwa saa moja anaweza kukaa bila kuongea neno. Kijana analalamika atasinzia. Nimemwambia bora asinzie kiti cha pembeni.

Nimemweleza mpango wa kubadilishana, kakubali, ila kadai nyongeza kidogo kwa sababu kufundisha ni kazi nyingine. Tumeelewana kwa hela kidogo na migebuka kila Jumamosi.

FusoLaZamani (Kasulu):

Umepata mtu. Kabla hamjaanza mkague mikanda, ya mbele yote miwili. Noah nyingi za mzigo mkanda wa abiria umekufa zamani na hakuna anayejali, na huyo mzee na kijana watakuwa wanakaa hapo kwa zamu.

MamaMawese (Kigoma):

Nimetoka kuujaribu sasa hivi. Wa dereva unafunga. Wa abiria unavutika lakini haukamati, na ndipo nilipokuwa nakaa siku zote. Kesho asubuhi linakwenda kwa fundi pale Mwanga, kijana ataendesha na mimi nitakaa nyuma kwenye madumu.

FusoLaZamani (Kasulu):

Mama, nyuma hakuna kiti. Panda bajaji.